Mwazindika: Historia ya Ngoma ya Tiba, Mchezo na Mawaidha katika Nchi ya Taita

DIBAJI

Mwezi wa Desemba mwaka 2025, Kamati ya UNESCO inayoangalia urithi wa utamaduni usioshikika kwa mkono ilipokutana mjini Delhi, nchini India, iliiandika ngoma ya Mwazindika ya Wadawida wa Taita katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Na habari hiyo ilitushukia sisi wa Maungu, tunaoishi kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, kwa furaha iliyochanganyika na simanzi. Furaha, kwa sababu jina lililokuwa likitamkwa vijijini Wundanyi, Mbale, Mwatate na Voi sasa lilikuwa limetamkwa mbele ya wajumbe wa mataifa. Simanzi, kwa sababu orodha ile si ya vitu vyenye afya: ni mfano wa cheti cha tabibu, ambacho humtaja mtu kwa jina lake kamili na kwa heshima zote, lakini hakitolewi ila kwa mgonjwa.

Kijitabu hiki kimetungwa kuadhimisha tukio hilo. Huenda msomaji akauliza kwa nini ngoma iitwe taasisi, hali haina ofisi, haina muhuri wala daftari la hesabu. Jawabu letu ni kwamba taasisi hujulikana kwa kazi yake, na kwa vyeo vinavyorithishwa kutoka mkono hata mkono, na kwa kanuni ambazo watu wanazifuata hata pasipo askari wa kuwashurutisha. Mwazindika ina yote hayo. Ina fundi wa kuchonga, ina wapigaji walio na ngazi zao, ina mwimbishaji na waitikiaji, ina mganga, ina mgonjwa ambaye kwa usiku mmoja ndiye sultani wa uwanja, na ina wenyeji ambao ni juu yao kupika, kulipa na kuhudhuria. Chama kilichoandikishwa serikalini chenye mpango kamili kuliko huo ni nadra kukiona.

HAJA ILIYOIZAA (KABLA YA 1883)

Haiwezekani kuifahamu Mwazindika pasipo kufahamu kwanza Wadawida walivyoyafahamu maradhi. Katika dini yao ya asili, ambayo wao huiita wutasi, chanzo kikubwa cha dhiki ya mwanadamu ni ghadhabu iliyofichwa moyoni: ghadhabu ya baba kwa mwanawe, ya mke kwa mumewe, ya jirani kwa jirani, na hata ya mizimu kwa walio hai waliowasahau. Ghadhabu hiyo, ingawa haikutamkwa, humdhuru aliyekasirikiwa. Mtoto akaugua, ng'ombe akaharibu mimba, mvua ikazuilika. Na dawa yake ilikuwa kutasa, yaani kutia pombe au maji kinywani, kisha kuyapuliza nje kwa matone pamoja na maneno ya kuomba heri, ili aliyeghadhibika aitoe ghadhabu yake mbele ya mashahidi na moyo wake upoe.

Tazama basi jinsi tiba ile ilivyokuwa ya hadhara tangu asili. Haikuwa siri baina ya mganga na mgonjwa katika chumba kilichofungwa, bali ilitaka watu, ilitaka kauli, ilitaka jamaa wakae pamoja. Kutoka hapo mpaka kwenye ngoma si safari ndefu. Yako maradhi yatulizwayo kwa neno la mtu mmoja, na yako mengine, hasa yale yaliyonasibishwa na pepo, ambayo hayatulii mpaka watu wote wa mtaa wakeshe, ngoma kubwa iangikwe sauti yake juu ya vilima, na mwenye pepo asimame katikati acheze mpaka kilichomo ndani yake kiseme kinachotaka.

Lugha yetu ya Kiswahili imelihifadhi jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Tunasema ngoma, tukimaanisha chombo kilichowambwa ngozi. Tunasema ngoma, tukimaanisha mchezo wenyewe. Na tunasema ana ngoma, kwa maana ya mtu aliyeshikwa na jambo ambalo halitatoka ila kwa kuchezewa. Vivyo hivyo kucheza ni kwa mtoto mwenye mpira, na ni kwa mwenye pepo aliye katika kilinge. John Janzen, mtaalamu aliyezungukia nchi za Bantu kutoka Kongo mpaka Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1992 kitabu kizima alichokiita kwa neno hilo moja, Ngoma, akionyesha kwamba katika nchi hizo zote chombo, mchezo na tiba ni kitu kimoja. Yaliyomo humo yasingemshangaza bibi yeyote wa Taita. Na jina la Mwazindika lina sifa hiyohiyo, maana ni jina la ngoma kuu inayopigwa, na ni jina la shughuli yote.

NJIA YA MISAFARA NA RELI (1847–1914)

Nchi ya Taita ni visiwa vya milima katikati ya nyika kavu: Dawida wenyewe, Sagalla na Kasighau. Maungu ipo nyikani, baina ya vilima hivyo. Zama za misafara, wapagazi waliotoka Mombasa walivuka jangwa la Taru wakiwa na kiu ya kuua, na tumaini lao lilikuwa ni maji yaliyopatikana juu ya kilima cha Maungu. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika Kasighau mwezi wa Oktoba 1847. Joseph Thomson akapita Maungu mwaka 1883 alipokuwa akielekea nchi ya Wamasai. Kabla ya hao na baada yao walipita Waswahili, Waarabu na Wakamba wasio na idadi, wakibeba nguo, shanga, bunduki na chumvi; na kwa kuwa pepo nao husafiri na watu, ni dhahiri kwamba katika magunia yale yalikuwamo mambo ambayo hayakuandikwa katika hesabu ya mzigo.

Pwani, pepo hutajwa kwa makabila: yuko wa Kihabeshi, wa Kiarabu, wa Kipemba, wa Kinyika, wa Kimasai, na kila mmoja ana nguo zake, chakula chake na mdundo wake. Wakamba nao wana kilumi. Taita, ikiwa njia panda ya wote hawa, ilijifunza kumkaribisha mgeni wa ghaibu kama ilivyomkaribisha mgeni wa njiani, yaani kwa kumuuliza atokako na atakacho.

Mwaka 1883 J. A. Wray wa Church Missionary Society alifungua kituo Sagalla; Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua Bura mwaka 1892; na mwaka 1900 kikafunguliwa kituo cha Mbale. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Maungu ikafika Voi mwishoni mwa 1897. Tangu siku hiyo Mdawida hakuwa tena na haja ya kungoja msafara: dunia ilimpitia mlangoni kwa saa maalumu.

MIAKA YA MISUKOSUKO (1914–1939)

Vita Kuu ya Kwanza haikuwa habari ya mbali kwa watu wetu. Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, wakawa wakivizia reli. Na mwaka uliofuata mapigano yalifika Kasighau. Serikali ya Kiingereza, ikiwashuku Wakasighau kuwa wamewasaidia adui, iliwahamisha wote, wanaume kwa wanawake na watoto, ikawapeleka uhamishoni Malindi, nchi ya joto na homa ambayo miili yao ya mlimani haikuizoea. Wengi walikufa huko. Waliosalia hawakuuona tena mlima wao mpaka miaka ya 1930. Nalitaja jambo hili kwa sababu historia ya tiba katika Taita haielezeki pasipo kuhesabu majeraha, na jeraha la jamii nzima kung'olewa mahali walipozikwa wazee wao si la dawa ya chupa.

Baada ya vita yalikuja mambo mawili yaliyoibana ngoma. La kwanza ni Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo haikutenganisha vizuri baina ya mchawi adhuruye na mganga aponyaye, hivi kwamba mtu aliyekuwa mashuhuri kwa kutuliza pepo aliweza kujikuta mahakamani kwa vyombo vya kazi yake. La pili ni mafundisho ya misheni, yaliyoihesabu ngoma ya pepo kuwa ibada ya shetani na kumtaka muumini aikimbie. Wala si haki kuwalaumu waumini wale. Wengi walikuwa watu wa kweli waliotafuta nuru, na shule na zahanati tunazozitumia hata leo ni matunda yao. Lakini matokeo yalikuwa kwamba ngoma iliyokuwa ya kijiji kizima ikawa ya nusu ya kijiji, na nusu nyingine ikaisikia kwa mbali, milango imefungwa.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Mwazindika ilivuma, ikanyamazishwa, ikavuma tena.

ZAMA ZA SAKA (TAKRIBANI 1940–1960)

Hapa sharti tukae kidogo, maana kipindi hiki ndicho kilichoandikwa vizuri kuliko vyote, na ndicho kilichofahamiwa vibaya kuliko vyote.

Baina ya mwaka 1950 na 1952 walikaa Taita Wamarekani wawili, mume na mke, Alfred na Grace Harris, wataalamu wa elimu ya jamii za watu. Mwaka 1957 Grace Harris alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala juu ya hali iliyoitwa saka. Wanawake walioolewa, na aghalabu ni wao tu, walishikwa ghafula na mtetemo wa mwili, hasa mabega na kichwa, wakapoteza fahamu ya waliyoyafanya. Lililowashika lilikuwa mara nyingi kitu kigeni au kitu cha wanaume: ngurumo ya motokaa, harufu ya sigara, mwako wa kibiriti. Katika baadhi ya vijiji alikadiria kuwa hata nusu ya wanawake walioolewa walikuwa na saka.

Tiba zilikuwa za namna kadha, lakini iliyo kubwa ilikuwa ni ngoma. Mume au jamaa alitoa gharama. Wapigaji waliitwa. Mwenye saka alivishwa mavazi yasiyokuwa ya kila siku, tena mengi yakiwa ni ya kiume: kofia au tarbushi nyekundu, mishipi ya shanga iliyopishana kifuani mfano wa mshipi wa risasi wa askari, njuga miguuni, na fimbo mkononi. Naye alicheza mbele ya watu wote, si kwa kuonewa huruma bali kwa kutazamwa, mdundo ukipanda naye akipanda nao, mpaka mwili ukalegea kwa raha. Watoto walitazama. Wazee walikunywa. Vijana walitafuta wachumba. Usiku mmoja ulikuwa ni hospitali, na arusi, na baraza.

Wataalamu waliokuja baadaye walilibeba jambo hili wakaenda nalo mbali. I. M. Lewis, katika kitabu chake Ecstatic Religion cha mwaka 1971, aliifanya saka ya Taita kuwa mfano mashuhuri wa njia ambayo wanyonge, hasa wanawake, huitumia kudai haki zao mbele ya wanaume pasipo kuvunja nyumba. Kweli ipo ndani ya maneno hayo. Mwanamke wa Taita wa wakati ule alilima, alikata kuni, aliteka maji na kuchuuza, lakini ardhi na mifugo vilikuwa mikononi mwa mume. Na mume alikuwa akishuka Voi, au Mombasa, au kwenye mashamba ya mkonge, akashika fedha, akavaa kofia, akapanda motokaa, akavuta sigara. Si ajabu basi kwamba pepo lilitaka kofia.

Lakini mimi siwezi kuridhika na maelezo hayo peke yake, maana yanamfanya mgonjwa kuwa mdai na ngoma kuwa hila. Lau kuwa ni hila, kijiji kisingekesha. Watu hawamwimbii mtu usiku kucha kwa jambo wanaloliona kuwa uongo, wala mume mbahili hafungui mkoba wake mara mbili tatu kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Walichokifanya ni kile walichokifanya wazazi wao katika kutasa: walikubali kwamba moyo wa mmoja wao una kitu kizito kisichopata kauli, wakampa uwanja, wakampa mavazi, wakampa mdundo, kisha wakangoja mpaka kitu hicho kitoke. Mchezo ndio uliokuwa mlango wake. Mtu mwenye haya hawezi kusema mbele ya baba mkwe kwamba anateseka. Lakini akicheza, atasema kwa mabega.

Na kulikuwa na tiba nyingine tena, ambayo Grace Harris hakuisahau: kuingia Kanisani. Mwanamke aliyebatizwa aliambiwa, na mara nyingi akashuhudia mwenyewe, kwamba saka imemtoka. Kwaya, makofi, sala ya pamoja na ushuhuda wa hadhara vilichukua mahali pa ngoma. Mwenye kutazama kwa insafu ataona kwamba hata huko dawa ilikuwa ni ileile ya watu kukusanyika na kumwimbia mmoja wao.

JUKWAANI (1963–1999)

Uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, uliitoa ngoma gizani ukaiweka juani. Serikali mpya ilitaka utamaduni wa taifa, na vijiji vikaitwa vitoe ngoma zao. Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanzishwa tangu mwaka 1927 kwa nyimbo za Kizungu zaidi, yalizidi kuwafungulia mlango waimbaji wa asili. Mwaka 1971 ikaanzishwa Bomas of Kenya karibu na Nairobi ili ngoma za makabila zihifadhiwe na zionyeshwe kwa wageni. Katika sikukuu za serikali Voi na Wundanyi, wachezaji wa Taita walipanga mistari mbele ya jukwaa la wakubwa, wakacheza dakika walizopewa, wakapigiwa makofi.

Uongozi wa ngoma nao uligeuka. Hapo kwanza mkuu wake alikuwa mganga, aliyechaguliwa na maradhi yake mwenyewe, maana aghalabu mganga wa pepo ni mtu aliyepata kuugua akapona. Zama za saka, wenye nguvu walikuwa wanawake wachezaji na wapigaji waliokodishwa. Sasa akaja mwalimu wa shule, mwenye filimbi na saa mkononi, aliyejua namna ya kupanga wanafunzi na namna ya kuwapendeza waamuzi. Na baada yake akaja mwenyekiti wa kikundi, na katibu wake, na mweka hazina wake, wenye cheti cha Idara ya Maendeleo ya Jamii. Kila mmoja aliiokoa ngoma kwa namna yake. Mwalimu, ambaye watu humlaumu kuwa aliifupisha, ndiye aliyeifundisha kwa watoto ambao wazazi wao waliookoka wasingethubutu kuwafundisha. Na kwa hilo anastahili shukrani.

Hata hivyo kilichopotea lazima kitajwe. Ngoma ya dakika kumi haiponyi mtu. Tiba ya Mwazindika ilikuwa katika urefu wake, katika ile saa ya tisa ya usiku ambapo mikono ya wapigaji imechoka na haitaki kuacha. Na hiyo ndiyo saa isiyoweza kupelekwa jukwaani. Mgonjwa aliondolewa, akabaki mchezaji.

Wakati huohuo, katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, watu wengine walikuwa wakiitafuta upya ile sehemu ya tatu, yaani mawaidha. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wanakijiji walicheza tamthilia yao mwaka 1977 mpaka ruhusa ilipoondolewa mwezi wa Novemba mwaka huo. Tanzania, Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walikwenda vijijini kufanya sanaa ambayo wanakijiji wenyewe waliitumia kuchambua matatizo yao. Wataalamu waliiita njia mpya. Kwetu Taita, mtu kusimama uwanjani akayasema mambo yaumizayo mtaa wake huku mtaa ukiitikia, ni jambo la kale.

MAUNGU NA MAWAIDHA (TANGU 1999)

Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Tangazo hilo lilikuwa na uzito wa pekee Maungu, kwa maana mji wetu ni kituo cha malori. Madereva wa kutoka bandarini kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hulala hapa, na panapolala watu wenye fedha na upweke huzuka biashara ambayo kila mtu huijua na hakuna apendaye kuitaja mezani. Mabango yaliandikwa. Lakini bango halijibu swali, wala halimfuati mama sokoni. Wakati huo vikundi vya ngoma na michezo ya kuigiza, katika miji yote ya barabara hii, vikawa ndivyo ulimi wa mambo yasiyosemeka: vilianza na mdundo ili watu wakusanyike, vikaendelea na kichekesho ili wasiondoke, kisha vikaweka mbele yao kisa cha mume na mke na kuuliza, sasa wafanye nini?

Miaka iliyofuata maudhui yaliongezeka kadiri dhiki zilivyoongezeka. Wazee wanaishi kando ya mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, na ndovu hawaheshimu mpaka uliochorwa kwenye karatasi. Nyika ya Rukinga na Kasighau imekatwa miti kwa mkaa, hata ukaanzishwa mradi wa kuihifadhi ambao mwaka 2011 ulipata kuthibitishwa kimataifa kwa biashara ya kaboni. Kuna ukame. Kuna wasichana wanaoacha shule kwa mimba. Kuna vijana ambao muguka na pombe vimewala. Hayo yote yana nyimbo zake, na jambo la kutia moyo ni kwamba wachezaji wanapotaka sauti ya kuwatetemesha watu huirudia ngoma ya wazee wao.

Lakini ilitokea tena kama ilivyotokea jukwaani. Wafadhili walilipia ujumbe. Hawakulipia usiku, wala mganga, wala ukimya uingiao baada ya ngoma kunyamaza, na mtu mmoja akalia kwa kitu alichokificha miaka kumi. Hivyo kwa muda wa karne moja na zaidi taasisi yetu imekuwa ikigawanywa: Kanisa likachukua tiba, serikali ikachukua mchezo, wafadhili wakachukua mawaidha. Na kila kipande kimetumiwa vema, bali kizima hakikusalia ila kwa wazee wachache.

HUDUMA NA VYEO

Kwa wale ambao hawakupata kuiona, hizi ndizo kazi zilizoshika ngoma. Fundi wa kuchonga hutafuta gogo, hulitoboa, huwamba ngozi. Na kabla ya kupigwa, ngoma huota moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Mpigaji mkuu ndiye mwenye uwanja, kwa sababu humsoma mchezaji: akimwona amezidiwa, humshusha, akimwona amekwama, humpandisha. Mwimbishaji ndiye mwenye kumbukumbu. Yeye hubuni papo hapo, hutaja jina la aliyetoa mbuzi na la aliyekataa kutoa, na hapo ndipo mawaidha yalipokuwa yakipenyezwa, kwa fumbo ambalo mhusika hulielewa na mgeni halielewi. Waitikiaji ni kila mtu.

Huduma za ngoma hii zilikuwa ni kutuliza pepo, kufukuza mabaya, kushukuru, kuoza, na kupokea wageni. Mpaka sasa hualikwa kwenye harusi na katika sherehe za kaunti.

SHERIA NA ORODHA (2007–2025)

Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika mnamo Oktoba 2007. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, ikautambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa. Serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013 zikiwa na dhamana ya shughuli za utamaduni. Na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya asili. Kabla ya Mwazindika, orodha ya haraka ilikwisha kuzipokea desturi za makaya ya Wamijikenda mwaka 2009, ngoma ya isukuti ya magharibi mwaka 2014, na sherehe za rika za Wamasai mwaka 2018.

JEDWALI LA MIAKA

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1847 | Rebmann afika Kasighau |
| 1883 | Misheni ya Sagalla. Thomson apita Maungu |
| 1897 | Reli yafika Voi |
| 1915 | Wakasighau wapelekwa uhamishoni Malindi |
| 1925 | Sheria ya Uchawi |
| 1950–1952 | Alfred na Grace Harris wakaa Taita |
| 1957 | Makala juu ya saka yachapishwa |
| 1963 | Uhuru. Ngoma zaitwa jukwaani |
| 1999 | Ukimwi watangazwa janga la taifa |
| 2007 | Kenya yaridhia Mkataba wa UNESCO |
| 2025 | Mwazindika yaandikwa katika orodha ya haraka |

KAZI ILIYO MBELE

Orodha haipigi ngoma. Yanayotakiwa ni machache, na mengi yake hayahitaji fedha kutoka Nairobi. Walimu wakuu wa shule zetu wanaweza kumwalika mpigaji mzee, si kwa siku ya mashindano tu, bali kwa muhula mzima, akae na watoto mpaka mikono yao ishike. Makanisa yetu, ambayo yameitunza sauti ya Mdawida katika kwaya kwa zaidi ya miaka mia, yana uwezo wa kukaa na wazee na kuulizana nao, pasipo hofu, ni lipi katika ngoma hii lililokuwa la kumwonea mtu huruma na kumsaidia. Zahanati zinazowapokea wanawake wenye huzuni isiyo na jina zinaweza kukumbuka kwamba huzuni hiyo ilikuwa na jina, na ilikuwa na uwanja.

Na wewe msomaji, ambaye huenda nyumbani kwenu juu ya dari, au nyuma ya ghala, pamelala ngoma ya babu iliyopasuka ngozi: usimuuzie mfanyabiashara wa vinyago apitaye barabarani. Iteremshe, uipanguse vumbi, umpelekee fundi aiwambe. Kisha mtafute bibi anayeukumbuka wimbo, ukae naye jioni moja kabla hajachoka, umwambie akufundishe.